Kisichobadilika Kimesimama Juu ya Nini?

Katika soko la jumla la viazi, mnunuzi anaweza kumwambia mkulima, bila kusema uongo hata chembe, kwamba bei ya gunia ni ile ile ya msimu uliopita. Kilichobadilika ni gunia. Limejazwa, limeshindiliwa, kisha juu ya mdomo wake kikaongezwa kilemba cha viazi kilichozungushiwa kamba, mpaka wapagazi wawili wanatazamana kwanza kabla ya kulishika. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Tanzania inaikataza na Wakala wa Vipimo hauachi kuikemea, lakini ipo, kwa kuwa inampa mnunuzi kitu kitamu: tarakimu inayosimama wima mbele ya mkulima, na faida inayotembea nyuma yake.

Suala la kutobadilika huachiwa wanafalsafa, nao wana mengi ya kusema tangu enzi za Wagiriki wawili wasioelewana, Heraklito aliyeona kila kitu kinatiririka na Parmenide aliyedai kwamba mabadiliko yenyewe ni udanganyifu wa macho. Ugomvi huo sitauamua hapa. Ninachotaka ni kulitazama dai la kutobadilika pale linapofanya kazi, maabara, mahakamani, msikitini na kanisani, kwenye daftari la fedha, na kila mara kuliuliza swali la lumbesa: ni nini kimesogezwa ili hiki kibaki pale pale? Mara nyingi kitu hicho kipo na kinaonekana. Mara chache hakipo, na hizo ndizo zinazostahili mshangao.

Tuanze na kilo yenyewe. Tangu mwaka 1889 hadi 2019 kilo ilikuwa kitu cha kushikika: kipande cha mviringo cha platini asilimia 90 na iridi asilimia 10, kimo na kipenyo chake takriban milimita 39 kila kimoja, kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris, chini ya vifuniko vya kioo, ndani ya chumba kisichofunguka bila funguo tatu zilizo mikononi mwa watu watatu tofauti. Nchi wanachama wa Mkataba wa Mita wa 1875 zilikuwa na nakala zake, na mara chache mno nakala hizo zilirudishwa zilinganishwe na mama yao. Katika muda wa takriban karne moja, zikaonekana kutofautiana naye kwa kiasi cha mikrogramu 50 hivi. Je, nakala zimeongezeka au mama amepungua? Kwa sheria ya wakati ule jibu la pili halikuruhusiwa hata kutamkwa. Kilo ilikuwa ni tungamo la kipande kile, kwa hiyo kipande kile hakiwezi kupungua. Kikipoteza chembe, basi ni ulimwengu wote uliobaki, na viazi vyetu ndani yake, ulioongezeka uzito.

Wanasayansi waliishi na kioja hicho miaka 130. Tarehe 16 Novemba 2018, wajumbe wa nchi wanachama walipiga kura huko Versailles, na kuanzia tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande chochote. Inategemea tarakimu ya Planck, mojawapo ya tarakimu za msingi za maumbile: 6.62607015 ikizidishwa kwa 10⁻³⁴, iliyotangazwa kuwa hivyo na kufungwa. Mita ilikuwa imetangulia njia hiyo mwaka 1983, pale kasi ya mwanga ilipowekwa kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde. Tangu siku hiyo hakuna anayeipima kasi ya mwanga kwa mita. Anayejaribu anaipima rula yake. Walichofanya ni kuuhamisha mzigo wa kutobadilika kutoka kwenye chuma kwenda kwenye maumbile, wakiamini kwamba maumbile ni mlinzi mwaminifu kuliko watu watatu wenye funguo.

Imani hiyo inapimika, na kimojawapo cha vipimo vyake vikali zaidi kimetoka Afrika. Mwaka 1972, katika kiwanda cha nyuklia cha Pierrelatte, Ufaransa, wachunguzi waliona kwamba urani iliyochimbwa Oklo, nchini Gabon, ina upungufu mdogo. Urani ya kawaida ina asilimia 0.720 ya isotopu ya 235. Hii ilikuwa na 0.717. Pengo hilo ni dogo, lakini katika biashara ambayo gramu zilizopotea zinaweza kuwa bomu la mtu, halipuuzwi. Uchunguzi ukafika kwenye jibu ambalo wengi wasingelitegemea: karibu miaka bilioni 2 iliyopita, wakati isotopu hiyo ilipokuwa bado nyingi, maji ya ardhini yalijipenyeza kwenye mwamba na urani ikaanza kujiwasha yenyewe. Mtambo wa nyuklia ulifanya kazi Gabon kabla hapajawa na mnyama wala mmea wa nchi kavu.

Mwaka 1976 mwanafizikia Alexander Shlyakhter aliona kwamba mtambo huo umeacha ushahidi. Elementi iitwayo samari, katika isotopu yake ya 149, humeza nyutroni kwa pupa kwa sababu nishati mbili zimelingana kwa bahati, karibu sana. Kama nguvu ya umeme katika atomu ingekuwa tofauti hata kidogo zama zile, mlingano huo ungevunjika na samari iliyobaki katika mwamba ingekuwa ya kiasi kingine. Thibault Damour na Freeman Dyson walirudia hesabu hiyo mwaka 1996, wakakuta kwamba tarakimu inayotawala nguvu hiyo, kama ilibadilika, haikuzidi takriban sehemu moja kati ya milioni 10 katika muda wote huo. Hapa swali la lumbesa limeulizwa kwa ukali wote na hakikupatikana kilichosogezwa. Angalia pia namna mwanasayansi anavyosema: hatamki kwamba tarakimu haibadiliki, anataja ukubwa wa mabadiliko ambao chombo chake kingeuona. Laiti wanasiasa wangeongea hivyo.

Waumini wana tatizo lao, na ni zito kuliko linavyodhaniwa. Ikiwa Mungu habadiliki, kuomba kuna maana gani? Imamu Ghazali alijibu kwamba dua ni miongoni mwa sababu ambazo Mwenyezi Mungu mwenyewe amezipanga, kama ngao ilivyo sababu ya kuzuia mshale. Hakuna anayesema kwamba kubeba ngao ni kupinga kadari. Thomas wa Akwino, katika Ukristo wa karne ya 13, alifika karibu na hapo hapo: hatuombi ili tuibadilishe azma ya Mungu, tunaomba ili tupate yale aliyoazimia yapatikane kwa kuombwa. Wote wawili, bila kushauriana, wamekiweka kile kinachosogea upande wa mja. Mada hii ilikuwa ikimpeleka mtu gerezani: kuanzia mwaka 833, watawala wa Baghdad waliwahoji wanazuoni kama Kurani imeumbwa au ni ya milele, na Ahmad ibn Hanbal alifungwa na kuchapwa viboko kwa kukataa kusema kwamba imeumbwa. Maneno ya kutobadilika yanapoingia ikulu, mijeledi huwa haiko mbali.

Ikulu ndiko ambako dai hili lina kazi nyingi zaidi siku hizi, kupitia ibara za katiba zinazojitangaza kuwa hazirekebishiki. Mfano mashuhuri wa ibara hizo ni wa Ujerumani. Katiba ya Weimar iliruhusu kurekebishwa kwa theluthi mbili, na tarehe 23 Machi 1933 wabunge 444 dhidi ya 94, huku wale wa Chama cha Kikomunisti wakiwa wamekamatwa au wamezuiwa, walimpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila wao. Kwa nje utaratibu ulifuatwa, kilichozikwa ni katiba. Ndiyo maana Sheria ya Msingi ya 1949, ibara ya 79, inakataza marekebisho yoyote yanayogusa utu wa mtu, demokrasia na muundo wa shirikisho, hata wabunge wote wakinyoosha mikono. Lakini wanasheria waliiona tundu tangu mapema: ibara inayofunga nyingine haikuandikwa miongoni mwa zilizofungwa. Wajerumani wanakubaliana kwamba nayo imefungwa, na makubaliano hayo ndiyo kufuli yenyewe. Karatasi peke yake isingeizuia.

Kongo ilijifunza kwa uchungu kwamba ibara inaweza kubaki kamili na bado ikakwepwa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika ibara ya 220 kwamba idadi na urefu wa mihula ya rais ni miongoni mwa mambo yasiyoweza kurekebishwa kamwe. Muhula wa pili wa Rais Joseph Kabila ulifika mwisho Desemba 2016. Hakuna aliyegusa herufi ya ibara ya 220. Kilichoguswa ni kalenda. Januari 2015 serikali ilipeleka bungeni muswada ambao ungeufunga uchaguzi kwenye sensa ya watu, watu wakaingia barabarani na wengine wakauawa, na kifungu kile kikaondolewa. Mwezi Mei 2016 Mahakama ya Katiba ikasema rais aliyepo anaendelea mpaka mrithi wake apatikane. Uchaguzi ukafanyika tarehe 30 Desemba 2018. Muhula wa miaka mitano ulikuwa umenyooshwa hadi saba, na katiba ikabaki bikira. Hii ni lumbesa ya kisiasa isiyo na kasoro: jina la kipimo ni lile lile, mzigo umeongezwa kilemba. Aliyemrithi Kabila, Félix Tshisekedi, alitangaza akiwa Kisangani mwezi Oktoba 2024 kwamba nchi inahitaji katiba mpya, na hapo ndipo penye mlango wa pili: ibara isiyorekebishika inailinda katiba iliyo hai, na haina la kusema dhidi ya katiba itakayoizika.

India ilichukua njia nyingine, ya majaji. Tarehe 24 Aprili 1973, katika kesi ya Kesavananda Bharati, majaji 7 dhidi ya 6 walisema Bunge linaweza kurekebisha sehemu yoyote ya katiba ilimradi lisiubomoe muundo wake wa msingi, ingawa katiba yenyewe haikutaja muundo huo popote. Afrika Mashariki ililijaribu vazi hilo. Nchini Kenya, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zililivaa mwaka 2021 katika kesi ya BBI, ule mpango wa kurekebisha katiba. Mahakama ya Juu ikalivua Machi 2022, ikisema katiba ya 2010 ina ulinzi wake wa kutosha katika masharti ya kura ya maoni, ingawa mchakato wenyewe wa BBI haukunusurika. Tanzania nayo ilikuwa imekwisha kulikataa. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimkubalia Mchungaji Christopher Mtikila kwamba mgombea binafsi ana haki ya kusimama. Bunge likarekebisha katiba mwaka huo huo ili asisimame. Na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema kufuta ibara ya katiba si kazi ya majaji, ni kazi ya Bunge. Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, ilimpa Mtikila ushindi mwaka 2013. Ibara iliendelea kubaki.

Kwa maoni yangu, katiba ya Tanzania ina kufuli moja lililotungwa kwa akili kuliko yote hayo, nalo halijidai kuwa la milele. Ibara ya 98 inataka mambo kama kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano yasiguswe bila theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, wakihesabiwa mbali mbali. Hapo hakuna neno la kutisha kuhusu umilele. Kuna swali la nani lazima akubali, na upande mdogo umepewa kura ambayo upande mkubwa hauwezi kuimeza. Mtu anaweza kulalamika kuhusu mengine mengi katika katiba ile, lakini kufuli linalotaja wenye funguo ni la kweli kuliko lile linalodai halina funguo.

Kwenye mwambao, taasisi kongwe ya kutobadilika ni wakfu. Mwenye nyumba Unguja, Lamu au Mombasa akiiweka wakfu, labda kodi yake iende kununua mafuta ya taa za msikiti, mali ile imetoka sokoni moja kwa moja: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mafakihi wana kanuni kwamba sharti la mweka wakfu lina nguvu kama matini ya Sheria. Sasa itazame nyumba yenyewe baada ya miaka mia. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo zinaoza pale zinapoingia ukutani ikiwa paa linavuja. Kodi iliyopangwa zamani haitoshi kununua hata mfuko wa chokaa. Taa za mafuta hazipo tena msikitini. Kuna umeme na kuna bili. Msimamizi afanye nini? Akilishika neno, anunue mafuta yasiyowashwa. Akiishika nia, alipe umeme. Nyumba ikiwa gofu, wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu kwa masharti iuzwe na thamani yake inunue mali nyingine itakayobeba wakfu ule ule; Mashafii, ambao ndio wengi pwani, wamekuwa wagumu zaidi. Ukiupima ugumu huo kwa magofu, si rahisi kuusifu. Ukiupima kwa viwanja vya wakfu vilivyomegwa na wajanja kwa jina la kubadilishana, unaelewa kwa nini walikaza.

Waingereza walipokuja na sheria zao hawakuweza kuimeza taasisi hii. Mwaka 1894 Baraza la Privy mjini London, katika kesi ya Abul Fata iliyotoka India, lilibatilisha wakfu wa kifamilia, kwa hoja kwamba fungu la maskini liko mbali mno kuwa sadaka ya kweli, na uamuzi huo ukafuatwa katika kesi za Afrika Mashariki. Waislamu wa pwani wakaambiwa na majaji wa ng'ambo kwamba umilele wao haukidhi vigezo.

Ushairi nitaupitia kwa haraka, maana ugomvi wake unajulikana. Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliandika kanuni za sanaa iliyokuwa hai. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 bila vina wala mizani, kanuni zile zikageuzwa kuwa mpaka wa uraia: kisicho na vina si shairi, tena si cha Kiswahili. Lakini Mathias Mnyampala, ambaye hakuna aliyemtilia shaka kwamba ni malenga wa jadi, ndiye aliyeasisi ngonjera, na watoto wa shule za Tanzania waliighani kana kwamba ilikuwapo tangu enzi za Mwana Kupona. Mila isiyobadilika aghalabu ina umri wa babu wa anayeitetea.

Kutobadilika kuliko na manufaa makubwa kuliko yote, nadhani, ni kule kunakoyafunga yaliyokwisha tendeka na kuyaacha yajayo huru. Mfano mzuri umo katika kitabu cha Esta ndani ya Biblia. Mfalme wa Uajemi ametia muhuri amri ya kuwaangamiza Wayahudi, na amri yenye muhuri wake haitanguki. Hata yeye mwenyewe hawezi kuifuta. Basi inaandikwa amri ya pili, yenye muhuri ule ule, inayowaruhusu Wayahudi kujilinda. Ya kwanza inabaki kwenye kumbukumbu. Kila mhasibu analijua jambo hilo: kosa kwenye leja halifutwi wala halipakwi rangi nyeupe, linaandikiwa ingizo la kulirekebisha, ili mkaguzi aone kosa na tiba yake. Pesa za simu zinafanya vivyo hivyo. Ukikosea tarakimu moja na laki ikaenda kwa mgeni, ujumbe wenye namba ya muamala unaingia na muamala ule haufutiki. Ukibahatika kurejeshewa, inakuja meseji ya pili, yenye namba nyingine. Salio limerudi palepale, lakini historia imekuwa ndefu kwa mistari miwili.

Wahandisi wa blokucheni walitaka kuiondoa hata bahati hiyo. Kila fungu la miamala linabeba alama ya hesabu ya fungu lililotangulia, kwa hiyo anayegusa herufi moja ya zamani anavuruga kila kilichofuata, na mitambo ya wengine inamkataa. Tarehe 17 Juni 2016, mtu alitumia kasoro ya programu ya mfuko ulioitwa The DAO, uliojengwa juu ya blokucheni ya Ethereum, akahamisha takriban etha milioni 3.6. Hakuvunja kufuli lolote. Aliitii programu kama ilivyoandikwa, na kaulimbiu ya wenyewe ilikuwa kwamba programu ndiyo sheria. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 20 Julai, walio wengi walikubaliana kuhamia tawi jipya la daftari ambamo fedha zile zilirudishwa. Wachache waliokataa waliendelea na tawi la zamani, ambalo hadi leo linaitwa Ethereum Classic. Kufuli la hesabu lilikuwa zima. Watu ndio waliohama.

Tangu hapo wauzaji wa mifumo wamekuwa wakizishawishi serikali za Afrika ziweke daftari la ardhi kwenye blokucheni, ili hati isiguswe na karani mla rushwa. Wazo linavutia mpaka usome hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kenya ya Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa Nyali, ufukweni, na hati ilikuwa halisi, yenye usajili. Mahakama ilisema hati peke yake haitoshi: kama ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, mnunuzi wa baadaye hapati kinga, hata akiwa amenunua kwa moyo safi. Ulaghai wa ardhi pwani mara nyingi hufanyika siku ya kwanza, kabla mstari haujaandikwa. Kuughushi baadaye si lazima. Mfumo usiofutika utaulinda mstari huo kwa bidii ile ile unayowalindia wenye haki.

Kuna pia upande wa mtu binafsi. Sheria ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022 kuhusu taarifa binafsi zinampa raia haki ya kudai taarifa zenye makosa zisahihishwe au zifutwe. Mafundi wana jibu: kwenye mnyororo wa blokucheni iwekwe alama tu, na jina, picha na namba ya kitambulisho vikae nje, kwenye seva ya kawaida, vinakofutika. Huenda jibu hilo likatosha kisheria. Lakini seva hiyo ya kawaida itakuwa masjala ile ile, chini ya karani yule yule ambaye mnyororo ulinunuliwa ili kumkwepa, na halmashauri inayotaka kusaini mkataba inapaswa kuuliza kwanza ni nani, kwa amri ya hakimu gani, atakayeruhusiwa kuandika mstari wa pili.